Picha Isiyoogopa Maji

Jumatano, 27 Desemba

Jua kali. Dakika nane.

Mwalimu wa mafunzo ya picha za jua alituambia daftari hili ni la jua tu. Kila siku andika jua likoje na karatasi imekaa nje dakika ngapi. Yeye alirudi Nairobi kitambo, kurasa zimebaki nyingi, kwa hivyo naandika na mambo mengine. Hakuna wa kunisahihisha.

Asubuhi nimepaka karatasi kwenye giza langu, yaani chini ya kitanda, blanketi limening'inia. Dawa ya kijani na dawa nyekundu, unachanganya, unapaka na brashi, unaacha ikauke. Halafu jani juu ya karatasi, kioo juu ya jani, unatoa nje. Ukishaosha, kote kunakuwa bluu, pale jani lilipolala panabaki peupe. Nimetoa sita kabla ya saa nne.

Nikapeleka steji. Basi la Lamu lilikuwa limesimama linangoja askari wa kulisindikiza. Nikawaambia abiria hii haikupigwa na kamera, imepigwa na jua lenyewe. Mama mmoja akauliza kama naweza kumpiga mumewe na jua. Nikamwambia amlete, nitamlaza chini ya kioo dakika nane, akiamka ni bluu. Basi zima likacheka. Mimi pia nikacheka. Mdomo ndio ulicheka.

Leo siku ya ishirini na tano tangu Buya afe. Mdogo wangu.

Dawa inaisha. Chupa zote mbili ziko chini kabisa.

Alhamisi, 28 Desemba

Mawingu. Sikutoa kitu.

Mama amekuja kukaa kwangu hapa Garsen. Nyumba yetu ya kijijini Idsowe imesimama lakini ukuta mmoja mafuriko yameulaza. Amekuja na mkeka, sufuria mbili na mfuko wa picha.

Picha zimekwisha. Zile za kung'aa zimeshikana kama chapati zilizopangwa zikiwa moto. Ukibandua, uso unabaki kwenye mgongo wa nyingine. Ile ya harusi ya shangazi, kichwa cha bwana harusi kimehamia kwa mbuzi. Nikamwambia mama angalau mbuzi sasa ana mke. Hakucheka. Zamani angecheka halafu anitukane.

Za Buya zilikuwa nne. Hakuna hata moja.

Iliyopona ni ile ya jani la mwembe, ya bluu, ya kwanza kabisa niliyompelekea. Ililala majini wiki mbili. Mama akaipangusa tope na leso, ikatokea vile vile. Akaishika muda mrefu. Akasema, "Komora, hii haiogopi maji. Nitengenezee Buya hivi."

Nikasema sawa mama. Kama mtu ametumwa sukari.

Jumamosi, 30 Desemba

Jua la kuja na kwenda.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaanza kusema bila kuniangalia. Ati mikono ya Buya anaikumbuka. Kutembea kwake, kikohozi chake cha asubuhi, vyote. Uso ndio unaondoka. Kila siku unaondoka kidogo. Akasema siku ya kuzika angeuona basi ungekaa, lakini walimkataza.

Ni kweli walimkataza. Buya alikuwa amekaa majini siku mbili. Mimi na baba mdogo ndio tulimfunua pale ukingoni mwa mto kumtambua. Mama hana uso wa mwisho. Mimi ninao. Ninao kila nikioga, kila nikinywa maji. Hauniumizi. Upo tu, kama kalenda ukutani.

Anataka picha kabla ya arobaini. Arobaini ni Alhamisi tarehe kumi na moja. Nikamwambia nikipata picha kwenye simu, saiba wa kompyuta wanaweza kuitoa ya kung'aa, haraka. Akakataa. Za kung'aa ndizo zilizommwaga mtoto wake.

Nimetafuta nyumba nzima. Simu ya Buya iko mtoni. Simu yangu ya zamani niliiuza Hola mwezi wa tisa. Nilifuta picha zote kwanza ili mteja aone iko safi. Nilifuta kwa kidole changu, moja moja, nikipiga mluzi.

Jumapili, 31 Desemba

Nimeipata. Ilikuwa ndani ya daftari hili hili, nyuma, imebandikwa kwenye jalada.

Ni ile plastiki ya siku za mafunzo. Mwalimu alimwambia kila mtu alete ndugu mmoja. Alitupigia picha, akatutolea kwenye plastiki zikiwa zimegeuka, cheusi cheupe, cheupe cheusi. Hiyo unailaza juu ya karatasi badala ya jani, jua linairudisha sawa.

Sasa shida. Mwalimu alipokuwa anabonyeza, mimi nilisimama nyuma yake nikaigiza vile chifu anavyoshuka kwenye pikipiki. Buya akapasuka kucheka. Kwenye plastiki kichwa kimeenda nyuma, macho yamefungwa, mdomo wazi mpaka pengo linaonekana. Ndiyo picha pekee ya mdogo wangu duniani, na nimeiharibu kwa mzaha.

Nikaiinua dirishani. Nywele nyeupe, ndevu nyeupe. Mzee kabisa. Nikaiweka chini.

Mama sijamuonyesha.

Jumatatu, 1 Januari

Watu wananiambia hepi niu yia. Nawarudishia.

Nimepima dawa na kijiko. Inatosha karatasi tatu. Nikikwangua. Mwalimu nimempigia, namba haipatikani. Steji leo sikwenda, sina cha kuuza na sitaki kutumia dawa kwa majani.

Jumanne, 2 Januari

Jua kali sana. Dakika ngapi sijui.

Karatasi ya kwanza. Nilipaka vizuri, nikalaza plastiki, nikafunga kioo na vibanio, nikatoa nje saa sita. Kazi yote iliyobaki ni kusimama. Unaangalia rangi inavyogeuka, manjano inaenda kijani, kijani inaenda kama jivu, na mtu anaanza kutokea.

Sikuweza kusimama. Sijui kwa nini. Sikuogopa, sikulia, miguu tu iliondoka. Nilijikuta kwa muuza miwa nahadithia watu stori ya punda aliyepanda boti. Walicheka sana. Niliporudi karatasi ilikuwa imeungua. Nimeosha, imetoka bluu yote, giza tupu, kama mtu amefungiwa ndani ya tangi.

Mama akauliza iko wapi. Nikamwambia jua lilikuwa na njaa.

Mbili zimebaki.

Jumatano, 3 Januari

Mawingu. Nimelala mchana wote. Sikuwa na usingizi.

Alhamisi, 4 Januari

Jua zuri. Dakika nane, nimehesabu.

Karatasi ya pili. Nimesimama. Nilikipa kioo mgongo nikahesabu kwa sauti mpaka mwisho, watoto wa jirani wakaona nimerukwa na akili.

Ilitoka vizuri. Nikaosha kwa maji ya mto kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Maji yenyewe bado ni ya mafuriko, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Tope likaingia kwenye karatasi. Ilipokauka, uso wote una madoa kama mtu wa surua, na jicho moja limefunikwa.

Mama ameiona. Nilitaka kuficha, akawahi. Aliangalia kidogo akarudisha. Akasema, "Huyu ni mgonjwa. Mwanangu hakuwa mgonjwa." Kuhusu kucheka hakusema kitu. Nafikiri hakuona kama anacheka. Aliona tu mdomo wazi.

Karatasi moja imebaki.

Ijumaa, 5 Januari

Jua lipo. Sikuligusa.

Leo nimeteka maji nikajaza pipa la bluu pale uani. Nimetia shabu, nikakoroga, nimeacha tope lishuke. Siku mbili tatu yatakuwa kama glasi. Hiyo ya mwisho siiharibu kwa upumbavu.

Mambo mengine naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Tulikuwa na mtumbwi mmoja, mimi na Buya. Barabara ilipokatika tukawa tunavusha watu. Siku yako, siku yangu. Ile Jumamosi ilikuwa siku yangu. Lakini jua lilitoka asubuhi, la kwanza baada ya wiki nzima ya mvua, na nilikuwa na oda ya picha za majani za hoteli moja ya Lamu. Nikamwambia Buya niendee leo. Akaniambia hilo jua lako limekuwa mke wako. Akachukua kasia.

Watu saba na mbuzi wawili, mtumbwi ukapinduka. Sita walitoka.

Mama anajua ilikuwa siku ya Buya. Kila mtu anajua hivyo. Niliwaambia mimi mwenyewe, haraka, kabla mtu hajauliza.

Zile picha za majani zilitoka safi. Hoteli ilizipenda.

Jumapili, 7 Januari

Jua kali. Dakika nane kamili.

Karatasi ya mwisho. Nimekwangua chupa zote mbili, nikasuuza na tone la maji, nikapaka. Leo nilisimama nikatazama. Nilijilazimisha. Alianza kutokea kwenye mashavu, halafu shingo, halafu meno. Pengo. Nilikitegea kifua changu sikio nisikie kama kuna kitu. Hakuna. Kama unabisha hodi nyumba ambayo watu wamehama.

Maji ya pipa yalikuwa safi, yanaonyesha mpaka chini. Nikaizamisha. Bluu ikaja. Sijawahi kutoa picha nzuri hivi, hata mwalimu hajawahi. Kila unywele umesimama.

Inatakiwa ioshwe nusu saa, itolewe, ikauke kivulini. Mimi nikaiacha humo majini. Nikajiambia ikae kidogo isafike zaidi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuibeba mkononi.

Nikaenda kwa rafiki kule sokoni. Tukala mihogo. Niliwachekesha.

Jumatatu, 8 Januari

Hakuna picha.

Asubuhi nimechungulia pipa, karatasi imeelea, ya manjano hafifu. Kama kitambaa kilichofuta mchuzi. Bluu yote imeondoka. Nikafikiri mtu amebadilisha. Nikainusa mikono yangu. Dawa ya maji.

Wale wa afya walipita wiki iliyopita wakagawa chupa za dawa ya kutibu maji, kwa sababu ya kuhara. Kifuniko kimoja mtungi mmoja, walisema. Mama alipoona pipa limejaa maji akajua ni ya kunywa. Jioni ile mimi nikiwa sokoni akatia. Nikamuuliza vifuniko vingapi. Akasema hakuhesabu, alitia mpaka chupa ikaisha. Karatasi hakuiona, ilikuwa imezama na jua lilishaenda.

Nilitaka kukasirika. Nilisimama pale nikingoja hasira ije. Nikasema, "Mama, chupa nzima?"

Akasema, "Maji yashanichukua mmoja. Niyape na wewe?"

Hasira haikuja. Yeye naye hakuwa analia. Tumekaa pande mbili za pipa kama watu wanaongoja gari.

Dawa hakuna. Karatasi hakuna. Arobaini ni Alhamisi hii.

Jumanne, 9 Januari

Jua sijaangalia.

Karatasi ile nilikuwa nimeitupa juu ya kuni. Mama ameiokota. Akaigeuza geuza, akaiweka mbali, akaiweka karibu. Akasema yupo. Nikamwambia mama hiyo imekufa, dawa imekula rangi. Akasema rangi imeondoka, yeye yupo, njoo uone. Kweli ukiinamisha karatasi kuna manjano juu ya nyeupe. Bega. Kidevu.

Halafu akaniambia mambo ya mikeka. Mama amesuka mikeka tangu sijazaliwa. Anasema miyaa ya kusukia ikikataa rangi huitupi. Unairudisha kwenye sufuria ya magome ya mkoko mpaka ikubali. Magome yenyewe yalikuwa kwenye kapu lake, ya kutoka Kipini, amehama nayo. Ukuta umelala, yeye amebeba magome.

Nikamwambia hii si mkeka mama, ni karatasi, itavunjika. Akaniambia basi ishike wewe mwenye mikono ya karatasi.

Akachemsha mpaka maji yakawa mekundu kama damu ya ng'ombe. Akaacha yapoe. Akamimina kwenye sinia. Mimi nikalaza karatasi taratibu, uso juu. Tukakaa chini wote wawili, mmoja huku mmoja huku, tunatikisa sinia polepole. Dakika kumi hakuna kitu. Dakika ishirini karatasi imekuwa rangi ya chai tu. Nikasema sasa tumeipika bure.

Halafu nywele zikaanza. Nyeusi. Sio bluu, nyeusi ya kuelekea kahawia. Nyusi. Ule mstari wa shingo. Alikuja kutoka chini ya karatasi kidogo kidogo, na safari hii sikuwa na mahali pa kwenda, mikono yangu ilikuwa kwenye sinia.

Hapo ndipo nilisema. Sikupanga. Nilisema, "Mama, ile Jumamosi ilikuwa siku yangu."

Mama aliendelea kutikisa. Nikasema tena, mtumbwi, ilikuwa zamu yangu, mimi ndiye nilimtuma. Nikamweleza na picha za majani. Nikamweleza na hoteli. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anasoma risiti.

Akachungulia ndani ya sinia. Halafu akasema, "Inua upande wako. Meno bado."

Nikainua. Maji yakaenda upande wake. Meno yakabaki meupe, kila kitu kingine kikaiva.

Tumeianika ndani kwenye kamba. Mama ameenda kulala bila kula. Mimi nimekula sahani zote mbili. Sijui nini kilinituma.

Jumatano, 10 Januari

Imekauka. Karatasi imekunjamana pembeni na ina rangi ya mkeka. Lakini ni yeye.

Mama ameiangalia asubuhi kwenye mwanga, mlangoni. Sasa ameona kama anacheka. Akaniuliza alikuwa anacheka nini. Nikamwambia chifu na pikipiki. Akasema nionyeshe. Nikasema mama, niache. Akasema nionyeshe.

Nikaonyesha. Pale uani, mtu mzima, nashuka kwenye pikipiki ambayo haipo, suruali imenasa, najifanya hakuna aliyeona. Mama alinitazama mimi, akatazama picha, akanitazama mimi. Hakucheka. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa bei.

Habari ya Jumamosi ile hajaigusa. Hajanifukuza wala hajanisamehe. Chai alinipa.

Alhamisi, 11 Januari

Arobaini. Idsowe. Watu wamekuja wengi, hitima imesomwa, wali umetosha.

Baba mdogo alisema picha isitundikwe ukutani, si vizuri. Mama hakubishana. Aliiweka ndani ya leso, juu ya mapaja, wanawake wakawa wanapita mmoja mmoja anawafunulia. Nikiwa nagawa maji nilisikia shangazi mmoja anasema huyu ndiye, huyu ndiye kabisa, angalia pengo. Mwingine akaanza kucheka akaziba mdomo. Halafu akalia. Walilia wengi pale.

Baba mdogo alinishika bega akasema nimefanya kazi nzuri. Nikamwambia fundi ni mama. Alifikiri natania.

Jumamosi, 13 Januari

Jua lipo. Sina cha kuweka.

Mama hataki kurudi Garsen. Ukuta tutausimamisha polepole. Nimemuuliza picha iko wapi, akasema ndani ya sanduku, haitoi kila siku. Nikamuuliza kama uso umerudi.

Akasema umerudi. Akasema sasa akifunga macho anamuona vizuri, lakini anacheka tu. Ule wa kulala, ule wa kununa, ule wa kuomba kitu, zote zimeondoka. Umebaki mmoja. Akiswali anacheka, akisuka anacheka.

Nikamwambia pole mama.

Akasema, "Afadhali huo kuliko ulio nao wewe."

Sikujua kama anajua. Sijawahi kumwambia nilichoona pale ukingoni. Nimemaliza maji kwenye kikombe nikakiosha.

Jumapili, 14 Januari

Maji yameondoka shambani, yameacha tope zuri, jeusi, linashika mguu. Tumepanda mahindi kwenye kipande cha Buya. Mama mbele anachimba, mimi nyuma na mbegu. Mbegu tatu kila shimo, nafukia kwa mguu, nasonga. Kulikuwa na ndege wengi. Tulimaliza mstari wa mwisho saa nne hivi, mama akakaa chini akanyoosha miguu, nami nikakaa karibu naye. Alikuwa na tope mpaka kwenye goti. Nililitoa kwa mkono.